Risasi mwilini: kwa nini sumu moja hugusa ubongo na moyo kwa pamoja

Katika karakana nyingi za kupaka rangi magari na kufufua betri iko desturi ya fundi kunywa pakiti ya maziwa baada ya kazi ili, kama wasemavyo wenyewe, "kukata sumu". Desturi hiyo ina wema ndani yake, kwa kuwa inakiri kwamba kazi ile ina hatari. Tatizo ni picha ya sumu inayobebwa nayo. Anayekunywa maziwa hayo huidhania sumu kuwa kitu kilichonata kooni au tumboni, ambacho kinywaji kizuri kinaweza kukisukuma kikatoka, na picha hiyohiyo ndiyo inayouza chai na vidonge vya "kusafisha mwili" madukani na kwenye simu zetu.

Mkanganyiko huo unarudi kila inapotajwa Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 katika eneo la Mikindani mjini Mombasa, uliopakana na kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na ambaye mwanawe mdogo alipimwa akakutwa na risasi katika damu, aliongoza harakati zilizompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo wakazi walikuwa wameshinda katika mahakama ya mazingira mwaka 2020. Mtu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza: moshi uliozimika zaidi ya miaka kumi iliyopita unamdhuruje mtu leo? Na kwa nini wataalamu hutaja ubongo wa watoto kisha, bila kupumua, wakataja shinikizo la damu la watu wazima, kana kwamba ni ugonjwa mmoja? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo liko katika uwezo wa risasi wa kujifanya kitu kingine ndani ya mwili.

Kwanza maneno yenyewe. Risasi inayozungumzwa hapa ni metali laini, nzito, yenye rangi ya kijivu, inayoyeyuka kwa moto wa kawaida wa mkaa. Hutumika pia kutengeneza risasi za bunduki, na ndiyo maana jina ni moja, lakini mtu hahitaji kupigwa na bunduki ili aipate. Iko ndani ya betri za magari na za sola, katika baadhi ya rangi za mafuta, katika chubwi ambazo wavuvi hufunga kwenye mishipi na nyavu, na katika aina nyingi za wanja wa jiwe, kwa sababu jiwe lenyewe mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi. Kwa upande mwingine, kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Kile cheusi kinachoandika ni grafiti, ndugu wa makaa, na mzazi ambaye mtoto wake ametafuna penseli anaweza kulala usingizi.

Neno la pili ni sumu. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria dawa ya panya: mtu anameza, anaugua saa hiyohiyo, anapona au anakufa. Hiyo ni sumu ya ghafla. Risasi, kwa kawaida, ni sumu ya kulimbikiza, inayoingia kwa vipimo vidogo mno kila siku bila maumivu, ikajijenga. Dozi kubwa ya ghafla inaweza kuua, kama ilivyotokea mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, ambako uchimbaji wa dhahabu kutoka kwenye mawe yenye risasi nyingi uliua watoto zaidi ya 400, lakini walio wengi duniani wenye risasi mwilini hawajui kwamba wanayo.

Ili kuona udogo wa vipimo hivyo, tuchukue kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka katika mwongozo wake wa mwaka 2021: mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu, chanzo chake kitafutwe na kuondolewa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kama nusu ya kikombe cha chai. Mtoto wa miaka miwili ana damu inayokaribia lita moja tu, kwa hiyo ili afikie kiwango hicho inatosha awe na mikrogramu 50 katika damu yake yote. Punje moja ya sukari ina uzito wa mamia ya mikrogramu. Tena namba 5 isichukuliwe kuwa mpaka kati ya salama na hatari. Ni mahali ambapo hatua inatakiwa kuanza, na hakuna kiwango chochote cha risasi katika damu kilichothibitishwa kuwa hakina madhara. Kwa makadirio yaliyotolewa na UNICEF na shirika la Pure Earth mwaka 2020, mtoto mmoja kati ya watatu duniani yuko kwenye kiwango hicho au juu yake.

Kiasi hicho huingia kwa njia mbili, pumzi na kinywa. Kwa mtoto mdogo kinywa ndiyo njia kuu, kwa kuwa anatambaa, anashika vumbi, ananyonya vidole. Hata hapo mwili wake haumtendei haki: mtu mzima akimeza risasi, tumbo lake hufyonza takriban sehemu ya kumi, ilhali tumbo la mtoto linaweza kufyonza karibu nusu. Sababu ni kwamba mtoto anajenga mifupa, na mwili wake una njaa kubwa ya kalsiamu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Kalsiamu tunaijua kama madini ya mifupa na meno. Kazi yake nyingine, isiyosimuliwa sana, ni kupeleka ujumbe. Kila msuli unapojikunja, kila seli ya ubongo inapoipasha nyingine habari, kuna chembe za kalsiamu zinazopita katika milango midogo ya seli na kutoa amri. Risasi ina umbo na chaji inayofanana na ya kalsiamu kiasi cha kupita katika milango hiyohiyo, kama mgeni aliyeazima sare ya mlinzi akapita getini bila kuulizwa. Akishaingia, hafanyi kazi ya mlinzi. Mahali pengine amri inatolewa wakati haikutakiwa, mahali pengine inazuiwa, na kwa kuwa kalsiamu iko karibu kila kiungo, madhara hayachagui kiungo kimoja. Ubongo na moyo vinatajwa pamoja kwa sababu vyote viwili huendeshwa na kalsiamu.

Tuanze na ubongo. Seli mbili za ubongo hazigusani. Kati yao kuna mwanya, na ya kwanza humwaga kemikali ya ujumbe katika mwanya huo pale tu kalsiamu inapoingia na kutoa ishara. Fikiria kengele ya shule. Ikilia kwa saa zake, wanafunzi wanajua lini kuingia na lini kutoka. Risasi huifanya kengele hiyo ilie yenyewe wakati si wake, na wakati wake unapofika isikike kwa unyonge. Risasi pia huziba aina fulani ya mlango ambao seli za ubongo hutumia kukumbuka kwamba ujumbe fulani umerudiwarudiwa na unastahili kuhifadhiwa, na huko ndiko kujifunza kulikoanzia. Katika ubongo wa mtu mzima hilo ni hitilafu. Katika ubongo wa mtoto ni zaidi ya hitilafu, kwa sababu miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapoamua njia zipi zidumu na zipi zifutwe, na uamuzi huo hufuata kengele. Shule iliyofundishwa mwaka mzima kwa kengele mbovu haiwezi kurudishiwa mwaka ule kwa kurekebisha kengele mwezi Desemba.

Mwaka 1979 daktari wa watoto wa Marekani, Herbert Needleman, alionyesha jambo hili kwa njia ninayoiona kuwa ya busara sana. Damu ingemwambia habari za wiki chache tu, hivyo aliomba watoto wa madarasa ya mwanzo katika miji ya Chelsea na Somerville wampe meno yao ya utoto yaliyong'oka, kwa kuwa jino hutunza risasi ya miaka. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi, na ambao hakuna aliyewahi kuwaona kuwa wagonjwa, walipata alama za chini zaidi katika vipimo vya akili na usikivu, na walimu wao, wasiojua lolote kuhusu meno hayo, waliwaeleza kuwa wasiotulia na wanaosahau maagizo. Mwaka 2005 uchambuzi uliokusanya watoto 1,333 kutoka tafiti saba ukaongeza jambo ambalo bado linawashangaza watu: risasi inapopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, mtoto hupoteza takriban pointi 3.9 za kipimo cha akili. Inapopanda kutoka 10 hadi 20, hupoteza 1.9 zaidi. Yaani hatua za kwanza ndizo zenye gharama kubwa kuliko zote. Anayesema "ni kidogo tu, hakina shida" amegeuza hesabu juu chini.

Sasa moyo. Mishipa ya damu ina ukuta wa misuli, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoiamuru na kulegea amri inapoondoka. Risasi huvuruga amri hiyo, mishipa ikaelemea upande wa kukaza. Wakati huohuo ngozi laini ya ndani ya mshipa hutengeneza hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kuuambia msuli ulegee, na risasi huchochea kemikali zinazoiteketeza hewa hiyo kabla haijafika. Ongeza figo, ambazo hupima chumvi na maji na hivyo kuamua damu itembee kwa nguvu gani. Risasi huzichosha taratibu, nazo zikichoka shinikizo hupanda, na shinikizo likipanda figo huzidi kuchoka. Hakuna maumivu katika hatua yoyote kati ya hizo. Mtu hugundua akiwa na miaka hamsini, kiharusi kikiwa kimeshapiga, na hakuna atakayekumbuka kwamba alipokuwa kijana alivunja betri kwa miaka sita.

Ukubwa wa tatizo hili kwa moyo umetambuliwa kwa kuchelewa. Mwaka 2023 watafiti wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba watu wazima milioni 5.5 walikufa mwaka 2019 kwa magonjwa ya moyo na mishipa yanayohusishwa na risasi. Makadirio mengine ya mwaka huohuo yalitaja vifo takriban 900,000, na tofauti hiyo kubwa inatokana na namna ya kuhesabu: kuna wanaohesabu njia ya shinikizo la damu pekee, na kuna wanaohesabu njia zote. Mimi naona hata namba ndogo inatosha kumfanya daktari aulize mgonjwa wake wa presha anafanya kazi gani. Mwaka huo wa 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko rasmi likiitaja risasi, pamoja na kadmiamu na aseniki, kuwa visababishi vya magonjwa ya moyo.

Hizo mbili za mwisho zina hila zake. Kadmiamu, kwa wavutaji, huingia zaidi kwa moshi wa sigara na kukaa kwenye figo. Aseniki, iliyokutwa katika maji ya visima vya bomba vya Bangladesh na ya baadhi ya maeneo ya Taiwan, hujifanya fosfeti, kitu ambacho seli hukitumia kutengeneza nguvu kutokana na chakula, na ndiyo inayoongoza kwa ushahidi wa kuhusishwa na kisukari. Kwa hiyo anayesoma kwamba "kemikali husababisha kisukari" aulize kwanza ni kemikali ipi. Kwa risasi, ushahidi ulio imara zaidi ni wa shinikizo la damu, mishipa na figo.

Turudi kwenye moshi uliozimika. Risasi haikai sana kwenye damu. Kwa wastani, baada ya mwezi mmoja hivi nusu yake huwa imeondoka. Sehemu hutoka kwa mkojo. Nyingine, kwa kuwa imevaa sura ya kalsiamu, huchukuliwa na kuwekwa palepale kalsiamu inapowekwa, yaani kwenye mifupa, na huko inaweza kukaa miaka 10 hadi 30. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote iliyomo mwilini iko mifupani. Mfupa ni kibubu: mwili hutia akiba wakati wa neema na kukivunja wakati wa haja. Haja hizo zinajulikana. Ni mimba, ni kunyonyesha, ni kukoma kwa hedhi, ni uzee, ni kulala kitandani muda mrefu kwa ugonjwa. Kibubu kinapovunjwa ili kutoa kalsiamu, risasi hutoka nayo, hurudi katika damu, hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Hivyo mama anaweza kumpa mwanawe risasi aliyoivuta kabla hajaolewa.

Hapa ndipo tunaweza kuyapima maziwa kwa haki. Fundi aliyevuta moshi au vumbi la risasi ameipeleka moja kwa moja mapafuni na kutoka huko damuni. Maziwa yaliyo tumboni hayakutani nayo kamwe. Iliyokwisha kuingia mfupani pia haivutwi na maziwa. Lakini chakula chenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa tumboni siku zote, kwa sababu milango imeshapata wenyewe wake, na kufanya kazi hii kwa njaa huongeza ufyonzaji. Kwa hiyo faida ipo katika lishe ya kila siku, ya mtoto hasa, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, maharage na mboga za majani husaidia kuliko pakiti ya maziwa ya jioni inayohesabiwa kuwa ngao.

Imani nyingine ni ya kusema "mwili umeshazoea". Kinachozoeleka ni harufu na kikohozi. Wapo pia wanaochemsha maji wakiamini risasi itakufa. Risasi si kijidudu, na maji yanapopungua kwa mvuke yenyewe hubaki, ikiwa nyingi zaidi katika kila kikombe. Kuhusu mashine za kushikwa mkononi zinazodai kusoma sumu za mwili mzima kwa dakika moja, hazina uwezo wa kupima risasi. Kipimo ni cha damu, inayochukuliwa kwa sindano na kupelekwa maabara.

Zipo kweli dawa za hospitali zinazonasa metali na kuitoa kwa mkojo, na kwa mtoto mwenye mikrogramu 45 au zaidi zinaweza kuokoa maisha. Zinatolewa chini ya uangalizi kwa sababu hunasa pia madini ambayo mwili unayahitaji, na mtoto akirudishwa kwenye vumbi lilelile kazi yote imepotea. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2024, lililohusisha wagonjwa wapatao 1,000 wenye kisukari waliowahi kupata shambulio la moyo, lilionyesha kwamba dawa ya namna hiyo ilishusha risasi katika damu kwa asilimia 61, lakini haikupunguza mashambulio ya moyo yaliyofuata. Ikiwa dawa iliyoitoa risasi kweli, ikathibitishwa kwa vipimo, haikurudisha nyuma madhara ya miaka, sioni ni kwa msingi gani chai ya kwenye mtandao iahidi kufanya hivyo.

Kilichowahi kupunguza risasi katika damu ya mamilioni ya watu ni kuifunga mahali inapotokea. Watoto wadogo wa Marekani walikuwa na wastani wa mikrogramu 15 kwa desilita mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo wastani wao uko chini ya 1, na sehemu kubwa ya ushukaji huo ilitokana na kuondolewa kwa risasi katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwezi Julai 2021. Mabaki sasa yako karibu nasi zaidi: betri zinazovunjwa uani, rangi isiyofuata kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kilichowekwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu vilivyochanganywa bila kuchaguliwa, udongo na mawe laini yanayouzwa kwa wajawazito, wanja unaopakwa macho ya kichanga. Fundi asiyeweza kuacha kazi yake anaweza kuacha ovaroli, viatu na vumbi la nywele karakanani kabla ya kumbeba mtoto, na nyumba iliyo karibu na karakana ifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kavu, kwa sababu ufagio hulirudisha vumbi hewani.

Msichana aliyekuwa na miaka minane Owino Uhuru mwaka 2010, au mahali pengine popote palipoyeyushwa betri, sasa amefikia umri wa kuzaa. Anapokwenda kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza ataulizwa kuhusu mimba zilizopita na magonjwa ya ukoo. Mahali alipokulia huenda asiulizwe. Aseme mwenyewe, aombe kupimwa risasi katika damu, na akikutwa nayo kwa mikrogramu 5 au zaidi ilhali chakula chake hakina kalsiamu ya kutosha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka apewe kalsiamu ya nyongeza, ili mwili usilazimike kuifuata mifupani.